Samaki mpya hatulii: soma dalili kabla ya kushika chupa ya dawa

Maswali ya wafugaji wapya wa samaki wa mapambo hufanana. "Nimemleta jana, leo hatoki nyuma ya jiwe." "Siku ya tatu hii hajagusa chakula." "Yuko juujuu tu, anahema." Ukimdadisi anayeuliza, mara nyingi utakuta ameshamimina dawa mbili tofauti, amebadilisha maji yote na ameosha kichujio hadi kikang'aa. Samaki alikuwa na tatizo moja, sasa ana manne.

Visa vingi nilivyowahi kukutana navyo kosa halikuwa kwa samaki, lilikuwa kwenye maji. Mwongozo huu umepangwa dalili kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu ya kawaida inatangulia, ya nadra iko mwisho. Jaribu jambo moja, subiri uone matokeo, ndipo uende la pili.

Pima kwanza, hata kama unajua jibu

Anza na joto. Samaki wengi wa maji ya joto hukaa vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Samaki wa dhahabu hupenda ubaridi kidogo, 18 hadi 22. Usiamini namba iliyo kwenye kitufe cha hita, tumbukiza kipimajoto. Kisha pima amonia na nitriti: zote mbili zisome sifuri. Nitrati isipite sana miligramu 40 kwa lita. Andika pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, mahali, utaihitaji. Vipimo vya matone huaminika zaidi kuliko vijiti, hasa vijiti vilivyokaa kwenye kopo lililoachwa wazi.

Halafu jiulize tangi lina umri gani. Tangi lililojazwa maji wiki iliyopita bado bichi, hata kama maji yake ni maangavu kama kioo. Mkojo na kinyesi cha samaki, pamoja na chakula kilichobaki, hutoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huishi kwenye sifongo ya kichujio na kwenye changarawe, na huchukua wiki 4 hadi 6, pengine zaidi, kufikia idadi inayotosha.

Anahema juu ya maji

Dalili hii haisubiri kesho, ndiyo maana nimeitanguliza.

Lakini hakikisha kwanza kwamba ni dalili kweli. Beta na gurami wana kiungo maalumu kichwani cha kutumia hewa ya nje, kwa hiyo kupanda juu na kugugumia ni desturi yao. Koridora naye huchomoka ghafla kutoka chini, akavuta funda la hewa na kurudi alikotoka. Sogeza uso karibu na kioo. Samaki aliyetulia, kifuniko cha shavu lake hufunguka polepole, inabidi umkazie macho ndipo uone. Anayetaabika, kifuniko kinapepea, mdomo umegusa uso wa maji na mkia umelegea kuelekea chini. Hapo ujue kuna jambo.

*Amonia.* Ndiyo sababu ya kwanza katika tangi bichi, au lile lililopokea samaki wengi kwa mkupuo. Kipimo kikionyesha 0.25 au zaidi, badilisha theluthi moja hadi nusu ya maji, kwa maji yenye joto lile lile na yaliyokwisha kutolewa klorini. Usimlishe siku moja au mbili. Pima tena kesho, na ikibidi rudia. Kumbuka pia kwamba ukali wa amonia hutegemea pH: ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Ndiyo maana kipimo kile kile kinaweza kumuua samaki wa mtu mmoja na kumwacha wa mwingine akihema tu.

Na sifongo ya kichujio usiiguse. Niliwahi kuiosha yangu kwa maji ya bomba, nikaikamua mpaka maji yakatoka meupe, nikajiona mfugaji hodari. Siku mbili baadaye tangi lililokuwa na umri wa miezi lilisoma amonia kama la jana. Bakteria wote nilikuwa nimewamwaga kwenye sinki. Sifongo husuuzwa kwa maji uliyoyatoa ndani ya tangi lenyewe, na husuuzwa tu mkondo unapopungua nguvu.

*Klorini.* Ukiona amebadilika ndani ya saa chache baada ya wewe kubadilisha maji, shuku hii kabla ya nyingine zote. Weka dawa ya kuondoa klorini mara moja, kwa kipimo cha tangi zima, si cha ndoo uliyoongeza tu. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakilala wazi siku nzima, ila kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki hivyo. Kama mtambo wa maji ya eneo lako unatumia kloramini, kulaza maji hakutakusaidia, tafuta dawa inayotaja zote mbili.

*Hewa haitoshi.* Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 kwa lita, kwenye nyuzi 30 hushuka hadi karibu 7.5. Dalili yake ni kwamba samaki wote wako juu, si mgeni peke yake, na mara nyingi hali ni mbaya alfajiri, kwa sababu usiku mimea nayo hutumia oksijeni. Washa pampu ya hewa. Kama huna, punguza maji kidogo ili yale yanayotoka kwenye kichujio yadondoke na kuvuruga uso.

*Nitriti.* Inampata yule ambaye amonia yake imeshasoma sifuri, akafurahi mapema. Nitriti huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, matamvua yakageuka rangi ya kahawia, samaki akakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele. Badilisha maji kama kwa amonia. Gramu 1 ya chumvi tupu kwa kila lita husaidia kuzuia nitriti isiingie mwilini, lakini iyeyushe pembeni kwanza, na punguza kama una mimea laini au samaki wasio na magamba.

*Vimelea vya matamvua.* Hii iache iwe ya mwisho. Kama vipimo vyote ni safi, joto ni sawa, hewa ipo, na ni samaki mmoja tu anayehema huku shavu moja limefungwa, usibahatishe dawa. Vimelea hivyo huonekana kwa darubini, na huyo ni mgonjwa wa daktari wa mifugo anayefahamu samaki.

Amejificha, hatoki

Mara nyingi si ugonjwa. Ametolewa kwenye maji aliyoyazoea, amebebwa kwenye mfuko unaotikisika, amemwagiwa mwanga usoni. Ni nani ambaye asingejificha? Mpe siku 2 au 3. Wale wanaotembea usiku, kama samaki wengi wenye ndevu, wanaweza kupitisha wiki nzima kabla hujawaona mchana. Siku ya kwanza taa izimwe, na asiwepo mtu wa kugonga kioo.

Siku zikipita bila mabadiliko, tazama mazingira. Tangi tupu lenye changarawe nyeupe na taa kali humfanya samaki ajibanze kwenye kona nyuma ya hita. Ongeza mimea, kipande cha mti, chungu kilicholazwa. Inashangaza wengi, lakini kadiri maficho yanavyoongezeka ndivyo samaki anavyotoka zaidi, kwa kuwa anajua pa kukimbilia.

Tazama pia kama ni samaki wa kundi aliyeletwa peke yake. Tetra neoni mmoja au wawili hawawezi kutulia. Wanataka kuwa 6 na kuendelea, na wa aina yao wenyewe. Huwezi kujazia hesabu kwa gapi. Na mwisho kabisa, kama mapezi yamebanwa mwilini muda wote na anatikisika palepale alipo, rudi kwenye vipimo. Hapo si haya tena, anaumwa au maji yanamuumiza.

Hali chakula

Siku 2 au 3 za kwanza ziache zipite. Samaki mzima mwenye afya huvumilia wiki bila kula, lakini hawezi kuvumilia chakula kilichooza chini ya tangi kwa sababu ya mwenye huruma.

Baada ya hapo, tafuta sababu kwa mpangilio huu. Chakula ni kigeni kwake: muulize aliyekuuzia alikuwa akimlisha nini, uanze na hicho hicho, ndipo uchanganye na chako pole pole. Chakula hakimfikii: vipande vinaelea ilhali yeye hula chini, au wenyeji wanavimaliza kabla hajafika, au ni wa usiku nawe unamlisha saa sita mchana. Chembe ni kubwa kuliko mdomo wake. Maji ni ya baridi. Nyuzi 3 chini ya anachohitaji zinatosha kumkata hamu.

Kuna dalili moja ya kuangalia. Anachukua chakula, anakitema, anakichukua tena, anakitema. Kama ni kikavu na kigumu, kiloweke dakika moja kwenye kijiko cha maji ya tangi. Kama anatema hata kilicho laini, huku tumbo limeingia ndani na kinyesi ni cheupe kama uzi, huenda ana minyoo au vimelea vya utumbo, na dawa yake si ya kubahatisha.

Anakimbizwa, mapezi yamenyofolewa

Kwanza tofautisha meno na ugonjwa. Pezi lililonyofolewa lina pengo safi, kama karatasi iliyokatwa na panya. Pezi linalooza lina ukingo mweupe au mwekundu unaosogea ndani siku hadi siku, na karibu kila mara nyuma yake kuna maji machafu.

Kama ni meno, chanzo cha kawaida ni mwenyeji aliyeshagawa mipaka. Sikilidi ndio mabingwa wa jambo hili. Mbinu iliyonifaa mara nyingi ni kuvuruga ramani: hamisha mawe na mimea yote siku mgeni anapoingia, ili kila mmoja aanze upya kutafuta kwake. Walishe wenyeji dakika chache kabla, zima taa, ndipo umwingize. Isipotosha, mtoe mchokozi, si mgeni, umweke kwenye chombo kingine siku 3 hadi 7. Akirudi, yeye ndiye mgeni.

Lakini kuna wasiopatana hata ubadilishe mawe mara mia. Beta wawili wa kiume ni vita mpaka mmoja afe. Samaki mwenye mapezi marefu yanayopepea hataishi kwa amani na wanaopenda kudonoa. Na yeyote anayeweza kuingia mdomoni mwa mwenzake, ipo siku ataingia. Hapa dawa ni tangi la pili au kumrudisha alikotoka. Kumtupa mtoni au ziwani si suluhisho, samaki wa kigeni wameshaharibu maji mengi namna hiyo.

Madoa meupe, au anajisugua kwenye mawe

Anajisugua lakini hana doa lolote? Rudi kwenye amonia na klorini. Ngozi inamuwasha kama macho yanavyotuwasha kwenye moshi. Vimelea visivyoonekana kwa macho vifikirie baada ya hapo.

Ana madoa? Chukua tochi. Chembe nyeupe zilizotawanyika mwilini na kwenye mapezi, kila moja kama punje ya chumvi, ni ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea kiitwacho *Ichthyophthirius multifiliis*. Vumbi laini la rangi ya dhahabu linalometa tochi ikipita kwa pembeni ni ugonjwa mwingine, nao huua haraka zaidi. Manyoya kama pamba ni ukungu, aghalabu juu ya kidonda. Na samaki wa dhahabu dume mwenye nukta nyeupe zilizopangika kwenye vifuniko vya mashavu na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani haumwi chochote. Amefikia umri wa kutafuta mke. Wengi wametiwa dawa kwa kosa hilo.

Ukishathibitisha madoa meupe, elewa adui kabla hujapima dawa. Doa unaloliona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na humo dawa haikifikii. Kikikomaa kinadondoka, kinajigandisha kwenye changarawe, kinagawanyika kuwa mamia ya wachanga, na hao wachanga wanapoogelea kutafuta samaki ndipo dawa inapowaua. Kwa hiyo madoa yakitoweka siku ya nne ukaacha dawa, umewaacha walio chini waanguliwe. Endelea siku kadhaa baada ya doa la mwisho, kama maelezo ya chupa yanavyosema.

Tibu tangi zima, si samaki mmoja. Toa mkaa kwenye kichujio, la sivyo mkaa huo utanyonya dawa yote. Fyonza changarawe kila siku mbili. Kupandisha joto hadi nyuzi 28 au 30 kunaharakisha mzunguko wa kimelea, ila pandisha nyuzi 1 kila baada ya saa kadhaa, ongeza hewa, na usifanye hivyo kwa samaki wa maji baridi. Soma viambato: dawa yenye shaba huua kamba na konokono wa tangini. Na usichanganye dawa mbili, hata kama aliyekuuzia amekuambia ni sawa.

Kila ninayemleta anakufa ndani ya siku mbili, wa zamani wazima

Malalamiko haya huwa na hasira ndani yake, na muuzaji ndiye hulaumiwa. Wakati mwingine kweli ni yeye. Lakini mara nyingi zaidi tangi limezeeka vibaya: maji yameongezwa tu yalipopungua, hayajabadilishwa, nitrati imepanda, pH imeshuka. Wenyeji walizoea mabadiliko hayo kidogo kidogo kwa miezi, mgeni anatumbukizwa kwa dakika moja. Pima maji ya tangi na maji ya mfuko wake, ulinganishe. Tofauti ikiwa kubwa, usibadilishe maji yote leo. Utawaua na wenyeji, kwani pH ikiruka juu, amonia iliyokuwa haina makali inakuwa sumu. Badilisha asilimia 10 hadi 15 kila siku mbili, wiki mbili au zaidi, ndipo ulete mwingine.

Sababu ya pili ni namna ya kumtoa mfukoni. Kwa safari fupi, acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, ufungue, uongeze nusu kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano kwa muda wa nusu saa, kisha umtoe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje, usiyatie tangini.

Kwa safari ndefu, ya saa nyingi au usiku kucha, utaratibu huo huo unaweza kumuua. Pumzi yake imejaza mfuko kaboni dioksidi, pH imeshuka, na amonia aliyoitoa njiani imetulia kwa sababu hiyo. Ukifungua, kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, amonia inaamka, naye bado yumo humo wewe ukihesabu vikombe. Linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, fungua, mchote kwa wavu, mwingize mara moja.

Tatu, wengi kwa wakati mmoja. Bakteria wa kichujio wana idadi inayolingana na samaki waliokuwepo jana. Leta wawili au watatu wadogo, subiri wiki mbili. Isipokuwa wale wa kundi, ambao huwezi kuwagawa mno.

Nne, alikuja na ugonjwa. Kinga yake ni karantini ya wiki 2 hadi 4 katika tangi dogo lenye kichujio cha sifongo, hita, kificho na wavu wake lenyewe. Najua hakuna anayependa kusikia hili baada ya kununua tangi moja tu. Walau hakikisha humnunui samaki kwenye tangi lenye maiti.

Mambo madogo yanayotisha bure

Rangi imefifia asubuhi: tetra neoni hupauka usiku na kurejea baada ya taa kuwashwa. Analala ubavu chini: baadhi ya samaki wa chini hulala hivyo kabisa, gusa kioo uone atakavyoruka. Maji yamekuwa kama maziwa katika wiki ya kwanza: ni bakteria wanaoelea, yatajisafisha, punguza chakula. Anarukaruka: funika tangi, kisha pima maji.

Hapa acha, mwite mtaalamu

Magamba yamesimama kama koni ya msonobari na tumbo limevimba, anapinduka na hawezi kujisawazisha kwa zaidi ya siku mbili hata baada ya kumnyima chakula, wanakufa zaidi ya mmoja kwa siku na vipimo ni safi, vidonda vinapanuka. Haya ni ya daktari wa mifugo. Mpelekee maji ya tangi kwenye chupa safi na namba ulizoandika. Wa magamba yaliyosimama mara nyingi hawaponi, na ni vema uambiwe hivyo mapema.

Umeme ni jambo jingine. Ukihisi mwasho au mtetemo ukigusa maji, au hita imepasuka kioo, usitie mkono. Kata umeme ukutani kwanza, kisha mwite fundi umeme. Hita huzimwa kila unapobadilisha maji, kwa sababu ikibaki hewani ikiwa inawaka hupasuka. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka liishie kwenye mkunjo.

Na mkono wako. Ukiwa na mkato, vaa glavu kabla ya kushika maji ya samaki wagonjwa. Uvimbe mwekundu kidoleni usiopona kwa wiki kadhaa unaweza kuwa bakteria aitwaye *Mycobacterium marinum*, na dawa za kawaida za vidonda hazimtoshi. Ukienda hospitali mwambie daktari kwamba unafuga samaki, asije akatafuta chanzo kwingine.